Bando Liliisha Kabla ya Swali la Tatu: Nilivyojifunza Kufundisha na Mtandao Huku Nyando

Nimeahidi walimu wenzangu mara nyingi kwamba nitaandika hii stori, manake kila mwalimu mpya akija huku kwetu anaanza na makosa yaleyale niliyoanza nayo mimi, ananunua bando, anaazima projekta, anafungua grupu la wazazi, halafu kufikia mwezi wa pili amechoka anasema mambo ya mtandao tuwaachie shule za Nairobi. Sasa leo nimeketi. Laptopu yangu herufi ya E inakwama kwa hivyo mkiona neno limepungukiwa mvumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, upande wa Bahati. Februari 2023 nikatumwa Nyando, kaunti ya Kisumu, nikiwa intani wa TSC, tume inayoajiri walimu, kufundisha sayansi Gredi ya 7, ile ya kwanza kabisa ya CBC, mtaala mpya. Posho ilikuwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na hiyo namba muiweke akilini manake karibu kila senti nitakayotaja hapa ilitoka humo. Shule yenyewe ni ya msingi, sisi wa junia, yaani Gredi ya 7 hadi 9, tumepewa tu madarasa mawili ya mwisho karibu na mwembe. Kutoka Ahero ni boda dakika kama ishirini, mpunga kulia mpunga kushoto, na ukifika netiwaki inashika vizuri kwa dirisha moja tu la chumba cha walimu, hilo dirisha lina foleni yake kila saa nne ya chai. Darasa langu lilikuwa na watoto 61. Kiluo changu wakati huo kilikuwa cha kununulia nyanya.

Maabara hakuna. Nilikuwa nafundisha sayansi kwa mdomo na chaki, nachora mashine ambazo hata mimi nikirudi nyuma hatua tano naziona kama sufuria. Ndiyo maana tulipoitwa semina ya siku mbili mjini Kisumu kuhusu kufundisha kwa kutumia mtandao nilienda nikiwa na njaa nayo kweli. Hoteli nzuri, wifi ya nguvu, kila mtu na laptopu yake. Tukaonyeshwa Kahoot, Padlet, Google Classroom, GeoGebra, tukacheza kwizi sisi kwa sisi tukacheka kama watoto, tukapewa cheti. Hakuna aliyeuliza stima ikipotea inakuwaje, na mimi pia sikuuliza, nisiwalaumu wengine.

Ijumaa iliyofuata nikaamua ni Kahoot. Mwenye hajawahi kuiona, maswali yanatokea kwa skrini kubwa halafu watoto wanajibu kwa simu, mwenye haraka na mwenye jibu sahihi anapata alama, kuna muziki na kuna jukwaa la washindi. Projekta niliazima kwa kanisa moja Ahero, boda ya kuileta na kuirudisha 400. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni kwa hivyo nikaomba walimu wenzangu, nikapata simu tano, na yangu ya sita ikawa hotspoti na pia ya kuchezea. Makundi sita ya watoto kumi kumi. Bando la jiga (gigabaiti) moja la siku, kama mia hivi.

Swali la kwanza darasa lilitaka kupaa. Kelele hadi Gredi ya 3 wakaja madirishani. Swali la pili likachelewa kidogo, duara likazunguka, likazunguka, likafunguka. Swali la tatu halikufunguka. Naangalia simu, bando limeisha. Nikashangaa sana manake Kahoot yenyewe haili data hivyo, ni maandishi na rangi tu. Nilikuja kuelewa baadaye usiku: zile simu tano zilipoonja wifi tu, zote zikaanza kujiapdeti, WhatsApp ya huyu inashusha vidio za mazishi, ya yule inabakapu picha za miaka mitatu, kila simu ilidhani imefika nyumbani. Nilikuwa nalipia apdeti za walimu watano. Kama utawahi kushirikisha watu hotspoti, kwanza zima kujiapdeti kwa kila simu, au washa ile ya kuokoa data, dakika mbili tu inakuokolea mia.

Na hiyo haikuwa mbaya. Mbaya ni kwamba nikiwa nahangaika na bando, kundi la nne wakapaza sauti, "Madam, hii simu imeandika Fuliza!" yaani ule mkopo wa M-Pesa, halafu mmoja mwenye sauti ya kusoma habari akawasomea wenzake ujumbe wote, deni la mwalimu hadi senti. Mwenye simu alikuwa anafundisha darasa la jirani, ukuta ni wa mabati. Hakunipa simu tena hadi muhula ukaisha na simlaumu.

Nilipokuwa nakusanya simu nikagundua kitu kingine kilichoniuma zaidi. Katika kila kundi la watoto kumi, mmoja alishika simu, wawili walimsaidia, wengine saba walikuwa watazamaji wa mechi. Nikauliza swali la kwanza upya kwa mdomo, lilelile, mikono ikainuka minane. Minane kati ya 61.

Nikahamia WhatsApp, ingawa si kila mzazi ana simu. Nikafungua grupu la wazazi la kutumia kazi ya nyumbani. Nilipata namba 52, zenye WhatsApp 23, zingine ni kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Hiyo peke yake ingenisimamisha lakini sikusimama, nikaanza kutuma vidio, za dakika nane, za dakika kumi, ati mtoto atatazama jioni. Wiki ya pili dani mmoja, nyanya ya mwanafunzi wangu, akaja shule kwa miguu na leso yake kichwani, akanisalimu vizuri sana, akakaa, halafu akaniambia pole pole kwa Kiluo, mwalimu mwenzangu akitafsiri, kwamba japuonj, yaani mwalimu, mjukuu anafungua vitu vyako na kredo yangu inaisha, na ile kredo ni ya kupigia mwanangu Mombasa. Nilitamani sakafu ifunguke. Nilimrudishia 50 kwa mkono, akakataa, nikamwekea kwa simu baadaye.

Kutoka siku hiyo situmi vidio kwa mzazi yeyote. Natuma sauti ya dakika moja, au picha moja ya daftari niliyoipunguza ukubwa, na kwa wenye kabambe natuma esemesi fupi, "Leo tumesoma sumaku. Mwulize akuonyeshe vitu vitatu nyumbani vinavyoshikwa na sumaku." Hiyo esemesi niamini ilifanya kazi kuliko vidio zote, watoto walikuja asubuhi na vifuniko vya soda, misumari, mmoja na kufuli ya mlango wa nyumba yao na mamake nyuma yake akiifuata.

Grupu lenyewe nilifunga mtu yeyote asitume isipokuwa admini. Kabla ya hapo saa kumi na moja asubuhi ni maombi, saa tatu ni mtu anauza mashamba, jioni ni siasa.

Sasa kosa ambalo bado linanisumbua. Mwisho wa muhula nikapiga picha karatasi ya alama, majina yote kutoka wa kwanza hadi wa 61, nikaitupa kwa grupu. Nilidhani nawasaidia wazazi. Jumatatu msichana aliyekuwa wa mwisho hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano mama yake akaja akanikuta nje ya darasa, hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Mwalimu, ulitaka kijiji kizima kijue?" Nilimwomba msamaha yeye, nikaenda kwao nikamwomba mtoto msamaha pia mbele ya ndugu zake. Alirudi, lakini alichukua muda kuinua mkono. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba kuna sheria hapo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwamba taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Mwaka huohuo wa 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wengi hawajui, tunapiga picha watoto tunaweka statasi. Mimi sasa alama namtumia kila mzazi peke yake, na picha ya darasa ikitoka inaonyesha migongo na madaftari.

Google Classroom, ile ya kuwapa wanafunzi kazi mtandaoni, nitapita haraka manake haikufika mahali. Kila mwanafunzi anahitaji akaunti, akaunti inataka umri wa kutosha, wengine walikuwa na miaka 12, halafu inataka namba ya simu ya kuthibitisha, na namba moja haikubaliwi kufungua akaunti nyingi. Nilikaa saiba, duka la intaneti, ya Ahero Jumamosi nzima nikalipa 640, nikapata akaunti chache, paswadi nikaziandika kwa karatasi, karatasi ikanyeshewa. Kitu kikitaka paswadi 61, achana nacho.

Mwaka wa 2023 ukaisha hivyo. Nilikuwa nimetumia pesa nisizotaka kujumlisha na sikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kilichogeuza mambo ni mafuriko, na nasema hivi nikijua watu wa Nyando waliteseka, mto uliingia manyumbani, mpunga ukaenda na maji. Ilikuwa Aprili 2024, nilikuwa nimeenda nyumbani Nakuru likizo, na muhula wa pili badala ya kuanza Aprili 29 ukasukumwa wiki moja, ukasukumwa tena, tukafungua Mei 13. Kwa dada yangu kuna wifi ya kulipa kwa mwezi. Nikawa na wiki mbili, intaneti, na aibu ya mwaka mzima.

Swali nililojiuliza lilikuwa dogo sana: kitu gani naweza kubeba? Yaani nikiwa Nakuru na mtandao niushushe wote kwa laptopu halafu nikifika Nyando nisihitaji hata baa moja ya netiwaki. Kutafuta hivyo tu, majibu yakawa tofauti kabisa na yale ya semina. Nikapata PhET, majaribio ya sayansi ya kuchezea kwa skrini yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman aliyepata Nobeli ya fizikia. Ya bure. Kila jaribio unalishusha kama faili moja la megabaiti chache, unalifungua kwa brauza bila intaneti yoyote. Mengine yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Nikapata pia Kolibri, hii ni programu ya bure unayoweka kwa laptopu ya kawaida, unashusha ndani yake masomo na vidio na maswali, halafu laptopu inakuwa kama stesheni ya redio, vifaa vingine darasani vinaunganika nayo na kusoma kutoka kwake. Bila bando.

Onyo moja: usishushe kila kitu. Mimi usiku wa kwanza nilibonyeza masomo yote ya Khan Academy, hayo ni makumi ya jiga, asubuhi laptopu imejaa na dada yangu anauliza kwa nini vidio yake inakatakata. Ingia ndani, chagua mada unazofundisha muhula huo pekee. Za mtaala wetu wenyewe nilisoma kwa Kenya Education Cloud, tovuti ya KICD, taasisi inayotunga mitaala, usiku, nikalinganisha, nikaandika kwa daftari kila wiki inahitaji nini.

Nilirudi Nyando Mei nikijiona mjanja. Mjanja alikwama siku ya kwanza. Nilitaka laptopu itoe wifi yake yenyewe, ile hotspoti ya Windows, kumbe yenyewe inataka kwanza kuwe na intaneti ndiyo iwake, na hata ikiwaka inakubali vifaa 8 tu. Jumamosi nikapanda matatu hadi Kisumu mjini, nikanunua rauta ya mitumba 1,800, haina laini haina chochote, kazi yake ni kuunganisha tu. Fundi alinitazama, "Madam, hii haina intaneti lakini." Nikamwambia najua.

Sasa vifaa. Nilikuwa na laptopu na simu yangu. Hapo ndipo mwalimu mmoja wa chekechea, mama ambaye amekaa hiyo shule miaka na miaka, akaniambia tukinywa chai, "Si utumie zile za stoo?" Zipi za stoo? Akanipeleka. Nyuma ya mlango wa chuma na kufuli mbili kulikuwa na maboksi ya ule mradi wa serikali wa 2016 wa kuwapa watoto wa darasa la kwanza tableti. Tableti 48. Laptopu mbili za walimu. Projekta. Na kwa boksi la chini kabisa, ikiwa na plastiki yake, rauta.

Nilicheka nikalia. 1,800 yangu, 400 ya boda ya projekta ya kanisa, na hivi vitu vilikuwa hatua sitini kutoka darasa langu wakati wote huo. Na kosa ni langu. Kati ya walimu wa msingi na sisi wa junia kulikuwa na baridi kidogo, nani ana ofisi nani hana, nikawa siongei nao sana. Mwaka mzima sikuwahi kukaa na huyo mama kwa chai. Kabla hujanunua waya hata mmoja, zungumza na mtu aliyekaa shule hiyo muda mrefu kuliko wote, na mara nyingi si mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakukataa lakini alikuwa na hofu mbili, zikiibwa yeye ndiye atajibu, na tokeni za stima. Ya kwanza tukaandika kitabu, nachukua na sahihi, narudisha na sahihi, siku hiyohiyo. Ya pili nilimpigia hesabu kwa karatasi: tableti ishirini zikichajiwa kutoka sifuri hadi mwisho hazimalizi hata nusu uniti, hiyo ni chini ya shilingi 20. Akaiangalia karatasi, akasema "hizo tu?", akatoa funguo. Ningeenda na maneno matupu ya teknolojia na karne ya 21 ningekaa nje ya ile stoo hadi leo.

Kati ya 48, 21 zilikubali kuchaji na kukaa zaidi ya saa moja. Sita zilikuwa zimevimba mgongo, hizo usijaribu kuchaji kabisa, betri iliyovimba inaweza kushika moto, nilizitenga kwa ndoo ya chuma nje ya darasa. Na zile nzima brauza zao ni za zamani, majaribio ya PhET yalifunguka kwa baadhi, kwa zingine ni ukurasa mweupe tu. Vidio na maswali ya Kolibri yalifunguka karibu kwa zote. Kwa hivyo nikagawa, majaribio naonyesha kwa projekta, mazoezi wanafanya kwa tableti watatu watatu.

Vitu vidogo vitakavyokutoa machozi: laptopu ikilala, darasa lote linapotea, zima kulala. Windows itauliza kama unaruhusu programu ipite kwa fayawoli, ruhusu. Na ile anwani ya namba ambayo watoto wanaandika kwa brauza, kitu kama 192.168 na kuendelea na mwisho 8080, inaweza kubadilika kila ukiwasha, kwa hivyo iandike ubaoni upya kila siku usiwape kwa daftari.

Somo ninalolikumbuka lilikuwa la jinsi vitu vinavyosambaa na kupita kwenye seli, wakiwa sasa Gredi ya 8. Mwaka wa nyuma ningepuliza pafyumu pembeni ningoje waseme wanasikia harufu, wangekariri maana, basi. Safari hii nikafungua lile jaribio la PhET, boksi limegawanywa kwa ukuta katikati, chembe za rangi moja huku, za rangi nyingine kule. Kidole kilikuwa kinawasha nibonyeze. Lakini nilikuwa nimejiambia kwanza waandike. "Nikitoa huu ukuta, itakuwaje baada ya dakika moja? Chora." Dakika tano za kimya, 61 wanachora, nikizunguka naona wengi wamechora rangi zimechanganyika sawasawa na zimetulia, kama mchele na maharagwe kwa sahani.

Nikatoa ukuta. Zikaanza kuvuka, zikagongana, zikachanganyika, namba za pande mbili zikakaribiana. Tukangoja. Na hazikusimama. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu 2023 sikumbuki akiongea bila kuulizwa, akasimama kabisa, "Madam, mbona hazitulii? Si zishalingana?"

Dakika thelathini zilizobaki zilikuwa za hilo swali. Kama zishalingana mbona bado zinatembea? Nani anaziambia zitembee? Tukapandisha joto, zikakimbia. Tukashusha, zikakokota. Msichana mmoja akasema hiyo ndiyo maana nguo hazikauki asubuhi, nikamwambia hapo umeshika kitu, tutakirudia. Kila mtu alikuwa na mchoro wake wa kusahihisha, na nadhani ule mchoro ndio ulifanya kazi, manake Alhamisi nilifundisha mkondo wa pili somo hilohilo nikiwa na haraka, nikaruka kuchora, nikabonyeza moja kwa moja. Wakatazama vizuri. Wakasema "wow". Nilipouliza maswali wiki iliyofuata wengi waliniandikia kwamba chembe zikilingana zinasimama. Jaribio lilelile, projekta ileile.

Kwa upande mwingine, osmosisi, ile ya maji kupenya utando wa seli, sikuitafuta hata kwa skrini. Viazi viwili, chumvi, maji, sahani mbili. Hawa ni watoto wa ziwa, nusu yao wamepaka samaki chumvi kabla ya kuanika, wanajua maji yanatoka, hawakuwa tu wanajua hilo lina jina darasani. Nikiwa na kitu wanaweza kushika sikioneshi picha yake. Skrini naiweka kwa kile ambacho hata ukiwa na maabara ya milioni huwezi kukiona kwa macho.

Na ule mchezo wa kwizi niliurudia, bila simu za watu. Kuna kitu kinaitwa Plickers, unaprinti kadi za karatasi, kila mtoto ana yake yenye alama nyeusi ya tofauti, anaigeuza jibu lake likae juu, A au B au C au D, mwalimu anapitisha kamera ya simu yake moja tu na majibu yote yanaingia. Seti kubwa ina kadi 63. Mimi nina watoto 61! Nilihisi wamenitengenezea. Data inataka lakini ni kidogo, ya simu moja, nasimama karibu na mlango. Ya bure inakubali maswali matano kwa seti na matano yanatosha. Hakuna kuangalia ya jirani manake kadi hazifanani, na mtoto asiyependa kuinua mkono anainua karatasi kama wengine, hakuna anayejua amejibu nini isipokuwa mimi.

Nikaziona nzuri sana nikazipeleka zilaminetiwe Ahero, shilingi 30 kila moja, 1,890. Jua la saa nane likiingia kwa dirisha, plastiki yote inang'aa, kamera haisomi chochote. Nikaprinti upya kwa karatasi ngumu isiyong'aa, nikabandika kwa vipande vya katoni ya maziwa. Zile za plastiki watoto wa chekechea wanachezea.

Mtaniuliza kuhusu akili mnemba. Naitumia usiku kunitungia maswali, halafu nayapitia yote kwa kalamu, manake kwanza ilinipa swali la theluji inayoyeyuka barabarani na lingine la bei kwa dola, na mara mbili imenipa jibu lisilo sahihi kwa ujasiri kabisa. Andalio la somo siiachii.

Wale watoto walifanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwaka wa 2025. Siwezi kusema tableti ndizo zilizowasaidia, walikuwa na walimu wengine na walikuwa na bidii, yule kijana wa nyuma alikuwa ameshakuwa msumbufu wa maswali kwa kila somo hadi mwalimu wa dini akanishtaki.

Sasa nina kundi jipya na shida mpya. Tableti zinazofanya kazi zimebaki 17, si betri, ni chaja, zile za pini ya mviringo nyembamba, watoto wanazing'oa kwa waya zinakatika shingoni. Fundi wa Ahero ameunga tatu kwa solda na gundi lakini sitaki kuzihesabu. Kama kuna mtu anajua duka Kisumu au hata Nakuru ambapo bado wanauza hizo za zamani aniambie, nitakuwa mjini Jumamosi, na ile rauta ya 1,800 ninaiuza, haijaguswa sana.